Kiti cha Masoko ya Nje

Jumatatu, 4 Machi
Leo saa nne asubuhi nimenyimwa kiti cha Meneja wa Masoko ya Nje. Kiti changu! Miaka kumi na tisa katika kiwanda hiki cha vitasa, nimeanza kwa kufunga maboksi, napiga hesabu ya kontena zima kichwani. Amepewa nani? Shemeji. Mdogo wake mke wangu, niliyemwombea kazi mimi mwenyewe! Eti anajua lugha tatu na anafuatilia habari za dunia. Redio ile! Bosi amesema ni kwa muda tu. Ijumaa wanakuja wanunuzi wa nje. Atakayewafanya watie saini ndiye meneja. Haya. Tutaonana.

Jumanne, 5 Machi
Nimeulizia shule ya lugha. Miezi sita! Nikamwambia mwalimu nina siku tatu, anipunguzie. Akauliza kama nimekuja kununua nyanya.
Nimepata njia yangu. Nimepiga simu ofisi ya mnunuzi mmoja, huko kwao. Akapokea dada mwenye sauti ya asali, na kila nikipiga anarudia yale yale, neno kwa neno, kisha muziki. Mwalimu gani ana subira hiyo? Nimekariri yote. Maana sijui, ila heshima imejaa.
Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akataka kujua ni nani huyo ninayemrudishia maneno matamu. Nikasema biashara. Akajifungia chumbani kwa kitasa chetu wenyewe. Imara, lazima nikiri.

Jumatano, 6 Machi
Wanunuzi ni wawili, nchi mbili zinazopakana, lugha moja. Shemeji amepanga mmoja aje asubuhi, mwingine alasiri, wasipishane hata ngazini. Eti nchi zao zina ugomvi, mpaka umefungwa mwaka wa saba huu. Nimetazama ramani: zimegusana! Majirani! Ukumbi mara mbili, chai mara mbili, ya nini? Nimemwagiza katibu wa Bosi awaite wote saa nne. Akauliza kama Shemeji anajua. Nikasema Shemeji anajua kila kitu, si ndiyo sifa yake?

Alhamisi, 7 Machi
Nimebuni safari ya mzigo: lori moja, linashusha nusu nchi ya kwanza, linavuka, linashusha iliyobaki. Akiba asilimia thelathini na nane! Shemeji ameshika kichwa. Shemeji wangu, huo mpaka umefungwa, akasema. Nikamjibu watu wanaopenda kufunga ndio hasa wateja wa vitasa.

Ijumaa, 8 Machi
Wameingia. Wameonana. Nikawakalisha bega kwa bega, nikatandaza ramani, nikapitisha lori kwa kalamu nyekundu katikati ya mpaka. Wa kwanza akasimama. Wa pili akasimama. Nikaona hapa ndipo lugha inapohitajika: nikamwaga yote, kwa sauti ya yule dada, hadi muziki wa mwisho.
Shemeji alinitafsiria baadaye. Niliwashukuru kwa kupiga simu. Nikasema wahudumu wetu wote wana shughuli, wasikate, na mwenye malalamiko abonyeze mbili.
Wale wazee wakatazamana. Mmoja akabonyeza meza kwa kidole. Wakacheka mpaka wakashikana mabega! Kisha wakatia saini kwa Shemeji, kila mmoja kupitia bandari yake, wakaongeza sharti la pamoja: mimi nisiingie tena mkutanoni.

Jumamosi, 9 Machi
Bosi amempa Shemeji kiti moja kwa moja. Mimi nirekodi ujumbe wa simu ya kiwanda, eti sauti ninayo.
Lakini hesabu haidanganyi. Nchi mbili, miaka saba, makubaliano sifuri. Jana, moja: sharti lile, saini mbili chini yake! Nani amewapatanisha? Redio?
Nimeshaanza lugha ya pili. Nimepata namba ya benki moja ya mbali, dada yao ana maneno marefu zaidi. Na barua iko mezani kwa Bosi: kiti ni changu au si changu? Ndiyo au hapana, Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi. Na asiniweke kwenye muziki!