Boule ya 50

Rafiki yangu ya roho, ikala kwanza. Leo haya imenimeza muzima muzima. Na ile haya, minye mwenyewe njo nilipika, mu nyungu mbili.

Baba Monga, bwana yangu, tangu atoke ku kazi ya usine, kule kiwanda, alikuwa anabakia paka mu nyumba, kimya. Kisha akaanza kuokota vyuma. Miezi munane anachoma, anapiga nyundo, mpaka ikatoka remorque: kagari kadogo ka magurudumu mbili, kenye hakana moteri, benye banafungaka nyuma ya motokari.

Bantu ya quartier balicheka. "Baba Monga, ile sanduku ya maiti inaenda wapi na magurudumu?" Yeye akaendelea kupiga nyundo. Minye nilikuwa naangalia tu mikono yake, ginsi inakamata nyundo na nguvu. (Nilijua kusoma mikono ya bwana yangu mbele ya kujua kusoma herufi.)

Leo ilikuwa safari ya kwanza ya remorque: kupeleka mabanc mupya ku chapelle, batoto ya komunio bapate pa kuikala kesho. Kama inatembea, vicheko vinakwisha. Kama inashindwa, nilijua atarudia mu ile kimya yake. Kazi ya kuchagula motokari alinipatia minye.

Asubui akiwa ku atelier, kwenye anachomeaka vyuma, akanituma message: "Chagula motokari ya nguvu. Nyuma lazima ikuwe na boule ya 50."

Nilisoma minye peke yangu, bila kuita muntu. (Masomo ya mangaribi, miaka tatu! Sikukosa ata siku ya mvula.) Nikasoma mara ya pili. Nikaelewa kabisa. Boule ni nini? Ni bukari, ugali ya kusonga! Boule ya 50 ni bukari ya bantu makumi tano. Na nyuma ni mu coffre, kwenye banatiaka mizigo. Kumbe Baba Monga anataka kulisha bantu ya chapelle siku ya remorque yake! Machozi ikanitoka. Ile bwana iko na roho!

Nikaenda kwanza ku parking. Pikipiki ya magurudumu tatu nilikatala: mwenye kuiendesha alikuwa anaisimamisha na kandambili. Kisha Baba Kalenga akanionyesha jeep yake ya zamani.

"Mama Monga, njo yenyewe. Hii inakokotaka ata kamio."

"Na hii kintu nyuma?"

Kulikuwa kichwa ya chuma, ya duara, nyeusi na mafuta, imejitokeza sawa kitovu ya mutoto mwenye habakufunga muzuri.

"Ile njo ya ku—"

"Hapana, baba. Tunaenda ku chapelle. Na kitovu inje?"

(Mungu anisamehe. Muzee alitaka kunieleza.)

Ya tatu: katoyota keupe ka Justin, kijana ya pale parking. Kasafi, kanangaa, na rozari inaning'inia mbele. Nikasema, Bikira Maria mwenyewe ananionyesha. Nikachagula pale pale.

Nikarudia ku nyumba, nikasonga bukari mpaka mabega ikalia. Lengalenga, ndagala, pilipili. Justin alipofika tukabeba beseni bantu babili, tukatia mu coffre. Aliangalia beseni, akaniangalia, akafunga coffre. Kijana ya adabu.

Ku atelier bantu balikuwa banangoya: catéchiste, chorale muzima, na balebale bachekaji. Baba Monga amevaa chemise ya misa, ya kupiga pasi. Mabanc iko tayari juu ya remorque. Akazunguka nyuma ya motokari, akainama.

"Mama Monga, boule iko wapi?"

"Iko nyuma, sawa vile ulisema."

Akainama tena, mpaka magoti ikagusa vumbi. "Siioni."

"Utaionaje na umeinama? Justin, fungula coffre!"

Coffre ikafunguka. Moshi ikatoka. Nikavuta kitambaa na mukono moya, sawa muntu anafunua sanamu ya mukubwa, nikasema na sauti ya kanisa:

"Njo ile! Boule ya makumi tano! Mwenye anabisha ahesabu!"

Bantu banyoosha shingo kuangalia mu beseni. 

Justin akasema polepole: "Mama, minye nilizania tunaenda ku matanga."

Baba Monga akashika kichwa. "Mama Monga... boule ni kile kichwa ya chuma nyuma ya motokari. Remorque inafungwa pale. Makumi tano ni kipimo yake, milimetre."

"Kile KITOVU?!"

Catéchiste aliikala chini, mu vumbi, anacheka anapangusa macho. Chorale ikapasuka. Tukatuma muntu mbio kwa Baba Kalenga: jeep imeshaenda mbali, ku Mwadingusha. Na moya ya bale bachekaji akasema, "Sanduku imebakia bila safari."

Njo pale nikaona Baba Monga ameweka mukono juu ya remorque yake, na ule mukono unaikamata na nguvu. Haya yangu yote ikaisha palepale. Nikachukua mwiko.

"Hakuna mwenye atatoka hapa na njaa. Mukule! Kisha tutaona."

Balikula. Ata bachekaji balikula, na bakaomba tena. Kisha catéchiste akajipangusa mikono, akashika ule mukono ya chuma ya remorque, akasema: "Bamama, nyuma! Bababa, mbele! Bukari iko mu tumbo, inangoya nini?"

Tukakokota. Tukaimba. Tukapandisha kilima yote. Remorque haikulia, haikuyumba, banc moya haikuanguka. Bantu bakatoka mu malupango, mu viwanja ya manyumba yao: "Nani alitengeneza hii kintu?" Na bwana yangu, mwenye miezi munane hakusema sauti ya nguvu, akapandisha sauti sawa kengele: "Minye!"

Ku mulango ya chapelle akanikaribia, jasho mu chemise ya misa. "Umeona, Mama Monga? Boule yako njo imekokota."

Basi. Peleka hii habari kwa bamama bengine benye bwana yao anatumaka message ya fupi fupi: baulize kwanza, kisha basonge. Lakini kwa Baba Kalenga usipeleke, nakuomba. Ile jambo ya kitovu, nitamuomba musamaha minye mwenyewe, na sahani ya bukari yenye ilibakia.