Bata wa Sikukuu ya Kupalizwa

Jumatatu, 11 Agosti
Tumefika pwani kwa mama mkwe, kama kila mwaka. Joto! Feni ni moja, nayo inamwelekea Damià, kaka wa mke wangu. Ijumaa ni Kupalizwa Bikira. Mashua zitamwaga bata wa mpira baharini, mji mzima utaogelea kuwagombania. Zamani walikuwa bata hai, sheria ikakataza. Marehemu baba mkwe alikuwa bingwa. Damià kamrithi: kila mwaka ndiye wa kwanza kurudi na bata, kwa hiyo anakaa kichwani mwa meza, anapakuliwa wali kwanza. Mimi napakuliwa baada ya watoto.

Leo Francina, binti yangu, kaniambia hivi: "Baba, ukikosa tena mwaka huu, nitamwomba mjomba anishikie wangu. Usinune, sawa?"

Kasema kwa upole! Angefoka ningevumilia. Sijatulia tangu hapo.

Jumanne, 12 Agosti
Mazoezi. Nimeogelea kuelekea boya. Katikati nikapitwa na bibi wawili wakipiga soga, miwani usoni, nywele kavu. Mmoja akauliza kama nataka kushikwa mkono. Nimerudi. Mazoezi yamefutwa. Ushindi ni akili, si mikono.

Jumatano, 13 Agosti
Akili imefanya kazi. Kwenye foleni ya mkate nimetangaza kuwa bahari imejaa konyeza, wale viumbe laini wa baharini wa kuwasha. Nia: Damià aogope. Matokeo: mama mkwe kawafungia watoto wote ndani, wamelia mpaka jioni. Damià kaenda kuhakikisha, akaogelea saa nzima, akarudi anang'aa.

"Shemeji, hao konyeza umewaona wapi? Kwenye sahani?"

Meza nzima ilicheka. Hata Francina, ingawa alijificha nyuma ya glasi.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimenunua bata dukani! Wa manjano, hawezi kutofautishwa na wale wa kesho. Nitamficha ndani ya kaptura, nitapiga mbizi, nitaibuka naye. Mbona sikufikiria hili miaka yote? Nilikuwa namjaribu ndani ya kaptura mbele ya kioo, mke wangu, Antònia, akaingia. Akauliza nimevimba nini. Nikasema ngiri. Sasa anataka nipelekwe kwa daktari. Nimezunguka sebuleni hadi mama mkwe akaniuliza kama choo kina mtu.

Ijumaa, 15 Agosti
Nani angekumbuka kuwa mpira huelea?

Niliingia mapema nijipange, kofia yangu nyekundu kichwani. Nikapiga mbizi. Kamba ya kaptura ikalegea. Bata akachomoka, akaibuka peke yake katikati ya maji matupu, mashua zikiwa hazijamwaga hata mmoja. Kisha kipaza sauti kikamwomba bwana mwenye kofia nyekundu awe na subira, bata bado. Ufuo mzima ukaangua kicheko.

Bata wa kweli walipomwagwa, walinipita huku na huku. Sikunyoosha mkono. Niliona aibu, aibu yenyewe. Nikafikiria kuogelea hadi Barcelona, ng'ambo ya bahari.

Ndipo Francina akanifikia, anahema, kambana bata kwa meno. Kamshika mwenyewe, bila mjomba! Akamsukuma kifuani kwangu.

"Chukua, Baba. Sema ni wako."

Nikamuuliza je, yeye?

"Mimi nitakaa popote."

Nilitaka kukataa. Nilikaribia sana kukataa.

Nimekaa kichwani mwa meza. Wali, ngisi na kamba wa baharini, nimepakuliwa kwanza. Nimeeleza mbinu yangu ya kupumua. Francina alikuwa pembeni kabisa, kwenye kigoda. Damià, ambaye aliona kila kitu, alihamisha kamba wake wote kwenye sahani ya Francina, wala hakuniangalia. Amekubali kushindwa!

Jumamosi, 16 Agosti
Francina kamwambia mama yake kuwa mwaka ujao atashika wawili, mmoja wake na mmoja wa Baba. Antònia kaniangalia kwa muda mrefu. Huenda bado ni ile ngiri.

Mtoto ana moyo mzuri, lakini hana mpango. Mimi ninao. Tangu asubuhi nimejifungia bafuni. Bata akijazwa mchanga tumboni, haelei hata kidogo. Nimeshamtoboa mmoja, yule wa jana. Francina anagonga mlango, anauliza bata wake yuko wapi.