Kuhusu Muuza Sindano Anayehoji Watu

Kwa Mheshimiwa Sheha,
Kikwajuni.

Shikamoo. Nakuomba kwanza ukae kitako, kwani haya si ya kusomwa umesimama.

Mimi ndiye mwenye ile cherehani ya kudarizi inayonguruma nyuma ya dirisha lako. Ninamlalamikia Bwana Anuar, muuza vifaa vya ushoni wa Mji Mkongwe, kwa sababu hizi:

1. Nilikwenda dukani kwake kununua sindano. Badala ya kunipa, akaniuliza, "Kitambaa gani, Bi Zuleikha? Na uzi gani?" Mheshimiwa, nilikuwa nashona vitu vya kitandani kwa bibi harusi. Mwanamme wa kando vinamhusu nini? Nikamwambia sindano ni sindano. Akasema satini inataka nyembamba, namba kumi na moja, na ile niliyoishika mimi ni ya jinzi. Nikanunua hiyohiyo ya jinzi, kumkomesha.

2. Kwa kuwa hakunizuia kwa nguvu, yaliyofuata ni yake. Nilikuwa namdarizia mpwa wangu Rawiya foronya ya satini yenye neno MAHABA. Uzi ukakatika kwenye M, ukakatika kwenye A. Nikazirejea herufi hizo palepale, nikazirejea tena, mpaka zikakubali. Zilizobaki zikatoka salama. Kwa mbali ilipendeza.

3. Siku ya kupamba chumba, shangazi wa bwana harusi, Bi Fatma, akaupigapiga mto ukae sawa. Kumbe matundu ya sindano yameshaungana! M na A zikachomoka pamoja na kitambaa chake, zikamwangukia miguuni. Akasoma kilichobaki, kwa sauti, mbele ya wanawake wa pande zote mbili: "HABA! Haba ya nini tena, Bi Zuleikha?" Nikamjibu, "Ndiyo mtindo wa sasa." Chumba kizima kikacheka. Rawiya akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni, na mimi niliyemlea nikajifanya natafuta pini chini ya kitanda. Nilikaa huko muda mrefu.

Kwa hayo, naomba shehia nzima iwe na sindano moja tu kwa vitambaa vyote, kuanzia shela mpaka turubali. Muuza duka atakayeuliza suali aitwe ofisini kwako. Na neno HABA, likionekana kitandani, lihesabiwe kuwa ni dua ya kuwaombea watu kiasi. Ikishindikana yote, basi satini ipigwe marufuku, maana ndiyo iliyoanza.

Nisalimie ofisi yote, pamoja na karani wako anayejifanya hanioni nikipita.

Mtiifu wako, kwa leo,
Zuleikha Mbarouk

Baada ya sahihi: Mkeo, Bi Time, ameingia hapa na foronya zenu za satini, anataka neno lilelile la mahaba. Nimekwenda mbio kwa Anuar, nimemjibu masuali yote, hata asiyouliza, na nimetia namba kumi na moja. Inapita kama inaandika kwa wino. Nimemshonea na Rawiya nyengine, kaipokea anacheka. Barua hii basi ichane. Bi Time kasema foronya mbili za chumbani zitiwe neno. Ile ya tatu, ya mto wa sebuleni anaolalia mheshimiwa, nisitie chochote. Sikuuliza kwa nini.