Panya Wangu Wasafi

Jumatatu, 6 Juni 1955. Kilolo.
Nina miaka sabini na moja. Wadachi walikuja wakaondoka, nzige walikuja wakaondoka, wake wawili nimezika. Mimi nipo, na kwa kutega panya hakuna wa kunifikia. Leo kaja Mzungu mpimaji wa magonjwa, anataka panya wa porini. Karani wake, Liberatus, kasema Bwana anatafuta mnyoo wa tumboni aitwaye mjeledi: mbele mwembamba kama uzi, nyuma mnene kama mpini. Mtegaji bora atapewa koti la kaki, atapanda lori mpaka Mbeya, awe mnyapara wa wategaji huko. Koti langu hilo! Eti na Eliezeri, ndugu wa mke wangu, anatega. Yule! Labda panya wamtege yeye.

Jumanne, 7 Juni.
Nimenasa wengi, wanono. Nikafanya kiungwana: nikawapasua, matumbo nikampa mbwa, nikawaosha, nikawabanika vizuri kwa moshi. Mgeni haletewi panya na mavi yake! Bwana kawageuza mmoja mmoja. Liberatus kaniuliza, Mzee, matumbo yako wapi? Nikamwambia Bwana asihofu, yametupwa yote. Liberatus kacheka mpaka kakaa chini. Eliezeri kaleta panya wawili wamevimba, wananuka. Bwana kampa mkono!

Jumatano, 8 Juni.
Nimeelewa. Wanataka matumbo. Nimepeleka chungu kizima, na chumvi yasioze. Bwana kauliza lipi la panya yupi. Nikajibu ni ya wote, wameshakuwa ndugu. Kashika kichwa. Eliezeri kasema kwa sauti, watu wasikie: Shemeji, kesho mletee mikia. Nyumbani mke wangu Apolonia kaniambia, Baba Mika, si umpelekee panya mzima, kama alivyo? Mwanamke hajui adabu za kazi.

Ijumaa, 10 Juni.
Lori limeondoka. Eliezeri yuko juu, ndani ya koti, mikono ya koti imempita vidole. Kanipungia kama Bwana Shauri wa wilaya! Panya wake wamekutwa na mijeledi. Ajabu gani? Panya mchafu lazima awe na minyoo. Wangu hawakukutwa hata na mmoja. Sasa mtegaji bora nani? Nimemweleza Liberatus amwambie Bwana. Kasema sawa Mzee, kafunga mlango wa lori.

Nitawafuata Mbeya. Nabanika wengine sasa hivi, safari hii naongeza pilipili. Asiyeamini haya amwulize Apolonia, ndiye anayepuliza moto. Ila aulize upesi, maana ameanza tena kucheka.