Waraka wa Ubao Mama

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na mbele ya shada la maua, kwamba Idara ya Mafao imeshinda vita dhidi ya ulimbikizaji wa madaraka ndani ya kompyuta.

Fundi alizisikia habari hizo akiwa na bisibisi mdomoni. Kompyuta zote ishirini za Idara alikuwa ameziunda kwa mikono yake, na ubao mama wa kila moja, ile bodi kuu ya ndani, ulibeba picha, sauti na mtandao humo humo.

"Mkuu, mbona zinafanya kazi vizuri?" alimuuliza Mkurugenzi.

"Hapo ndipo penye tatizo. Ubao mmoja, kazi tatu? Huo ni uroho! Waraka wangu umeshatoka: kazi hizo zima zote. Kila kazi ipewe kadi yake."

"Ubao una nafasi mbili tu za kadi."

"Basi zibanane."

Mkubwa hakosei. Fundi akazima, akachomeka. Sauti ilipewa kipaumbele, maana Mkurugenzi alipenda kompyuta zimwamkie. Zilizopata picha zikakosa mtandao. Zilizopata mtandao, makarani wakawa wanachapa kwa kubahatisha mbele ya kioo cheusi. Barua za mafao zikakwama. Siku ya tisa foleni ililizunguka jengo, na humo alikuwemo shangazi yake Fundi, miguu imevimba, amekalia boksi tupu la kadi.

"Mwanangu, nimestaafu ualimu, sikustaafu kula."

Fundi akakosa pa kuuficha uso.

Siku hiyo Katibu Mkuu alikuja kukagua mafanikio.

"Nani alibuni mpango huu?"

"Mimi, kama Mkurugenzi."

"Aliyeuidhinisha?"

"Mimi, kama Mwenyekiti wa Bodi."

"Na aliyeukagua?"

Mkurugenzi akatabasamu kwa unyenyekevu. "Kaimu Mkaguzi. Naye ni mimi."

Katibu Mkuu akamgeukia Fundi. "Waraka unasemaje kuhusu ubao wenye kazi tatu?"

Jibu moja tu lingeweza kumtoa kazini. Akamtazama shangazi yake kupitia dirisha.

"Unazimwa, mheshimiwa."

Kufikia saa nane mchana Mkurugenzi alikuwa amebakiziwa kazi moja: kutia sahihi barua za mafao ya kustaafu. Fundi akang'oa kadi, akaziamsha mbao mama, na mashine ya kuchapa ikaanza kutema makaratasi. Shangazi akasogea wa kwanza, akamsukumia Mkurugenzi kalamu.

"Fanya hima, baba."

Akasaini. Akavuta barua ya pili, kalamu ikiwa tayari, kisha akasita. Jina lililoandikwa juu lilikuwa lake.