Walaji wa Bure Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 10 Novemba
Mdomo wangu huu. Leo kwenye chumba cha kufulia nimemwambia bibi mwenzangu Alli wa ghorofa ya chini kwamba hata nikifumba jicho moja namshinda kwenye mchezo wa mbio za magari. Akasema basi tuwekeane dau: Ijumaa, njia ile ya msituni, atakayeshindwa anatoa zamu yake ya sauna, kile chumba cha mvuke cha jengo letu. Yangu ni Jumamosi jioni, tangu marehemu mume wangu yu hai. Yake Jumanne, siku ya wasio na bahati. Nikakubali. Mimi nimkimbie Alli? Thubutu.

Shida ni kompyuta. Mwanangu Jouni aliniachia alipohamia mji wa Oulu. Ya michezo hasa, inawakawaka kama mti wa Krismasi, lakini siku hizi gari linakwenda kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemuuliza Kuisma, mtunza jengo, akizoa theluji. Kumbe ndani ya kompyuta kuna huduma chungu nzima zinafanya kazi kichinichini, zinakula nguvu, na nyingine wala sizihitaji. Akasema nizime moja, nijaribu, niandike niliyozima, ndipo niguse nyingine. Nikamshukuru. Mtu mwema, ila mwoga. Nimelea watoto wanne. Mlaji wa bure namjua kwa kumtazama tu.

Nimefungua orodha ya huduma hizo. Ya kuchapisha karatasi: mashine ya kuchapia sina, zima. Ya faksi: nimtumie nani? Zima. Ya sauti: sauti ninayo, zima. Nimefagia mpaka makwapa yamelowa.

Jumatano, 12 Novemba
Gari linateleza kama siagi kwenye kikaango! Ila yule bwana wa ndani ya mchezo anayekaa kando ya dereva na kunisomea kona amenyamaza kabisa. Hata injini haingurumi. Afadhali, amejifunza adabu. Kila siku kuniamuru kushoto, kulia, nani kamtuma? Kona ya kwanza: mti. Ya pili: ziwani. Nimefanya mazoezi kutwa. Miti yote sasa tunajuana.

Alhamisi, 13 Novemba
Asubuhi mlango wangu ukafunguliwa kwa ufunguo. Kuisma. Nyuma yake Alli na ndara zake, macho mekundu. Mimi na gauni la kulalia, niko ziwani tena.

Alli akajitupa kwenye kiti changu kizuri bila kukaribishwa. "Siku zote nagonga bomba la joto unyamaze na magari yako. Juzi umenyamaza, shoga, na mimi usingizi ukanipaa. Nikajua umekufa."

Nikamwambia mimi sifi ovyo. Kisha nikampa kahawa na mkate wa iliki, kipande cha katikati.

Alipoona msomaji wangu ni bubu, alicheka mpaka akakohoa. Angeweza kuniacha vivyo hivyo. Zamu ilikuwa yake tayari. Lakini alifungua orodha mwenyewe, akaiwasha sauti. Injini ikanguruma. Alli akafumba macho kama anasikia kinanda cha kanisani.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimeshindwa. Kwa kiasi cha kupepesa jicho. Jumamosi yangu imekwenda. Nimelia kidogo, kwa sababu ya vitunguu.

Jumamosi, 15 Novemba
Saa kumi na mbili jioni bomba likagongwa. Kisha sauti ya Alli kutoka ngazini: nichukue taulo nishuke, kizee mimi, au nasubiri kubebwa? Mvuke wa Jumamosi haumalizwi na mtu mmoja.

Tumekaa benchi la juu, bega kwa bega. Anamwaga maji mengi mno kwenye mawe ya moto, hana kipimo. Nikanyamaza. Mungu ambariki, mimi kunyamaza si jambo dogo.

Jumapili, 16 Novemba
Wema haulipwi kwa maneno matupu. Nimempelekea Alli mkate. Alipokwenda kuchemsha kahawa, nikakaa kwenye kompyuta yake. Lo, walaji wa bure tele! Nimewazima wote, na safari hii upesi, maana nina uzoefu. Sikumwambia. Hisani haitangazwi.

Tangu nirudi, chini kimya kabisa. Hata injini siisikii. Nimefurahi: maskini, hatimaye amepata usingizi.