Dawa ya Kuosha Gari Bila Maji

Jumanne, 4 Machi
Baba mkwe katangaza macho yamemchosha, haendeshi tena. Jumapili gari atampa mkwe anayejua kutunza. Tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu, aliyeoa dada ya mke wangu. Yeye ataliosha kesho, mimi Ijumaa. Yeye ana nguvu, mimi nina akili. Gari langu hilo!

Jumatano, 5 Machi
Mabomba makavu wiki nzima. Mwanyumba kabeba ndoo kutoka kisimani, jasho tiriri. Mama mkwe kampa pole, kampa na kiti. Mimi kiti sijawahi kupewa. Nimenunua dawa ya kuosha bila maji: unanyunyizia, unafuta, basi. Muuzaji kanionya nisifutie tope, na nitumie vitambaa vingi safi. Anataka kuniuzia vitambaa huyo. Sidanganyiki!

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Jana mke wangu alimpeleka baba yake kliniki, mvua ikawakuta, gari limerudi na tope hadi madirishani. Dawa haitoshi. Nikaongeza maji, chupa ikajaa. Mke wangu akauliza, dawa ya bila maji inatiwaje maji? Nikamwambia aniachie mimi mambo ya kitaalamu.

Nikachukua taulo moja la mama mkwe. Nikasugua kiume. Tope likatoka, rangi nayo ikafuata. Boneti imejaa mikwaruzo ya duara, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mke wangu akasema haraka haraka haina baraka. Haraka gani? Nimesugua asubuhi nzima! Nimeliegesha kivulini. Naogopa, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe kapapasa boneti kwa viganja. Sikutegemea viganja! Akauliza ni nani aliyefanya vile. Nikamtazama mwanyumba kwa huzuni. Haikusaidia, maana wote walinitazama mimi. Mzee akashusha pumzi, akasema hataki kuliona tena uani kwake, nilichukue niondoke nalo.

Nimeshinda! Nimelia mbele za watu.

Mwanyumba kaambulia kiwanja cha mzee cha kando ya barabara kuu, chenye msingi tayari. Maskini, kiwanja hakina hata usukani. Nilimpa pole kwa moyo safi. Mke wangu kajifungia chumbani tangu mchana, nadhani furaha imemzidi. Dawa bado ipo nusu chupa, na nimeona televisheni ya baba mkwe ina vumbi.